Pamba Haina Ukingo: Kutumia Otofokasi ya Nikon F4 Ukiwa Malampaka

Umesimama ndani ya ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hapa Malampaka, wilayani Maswa, msimu wa pamba umepamba moto. Mbele yako kuna lundo lililokuzidi kimo, jeupe tupu, na jua la saa tatu asubuhi linapenya mlangoni. Unainua kamera, unabonyeza kitufe. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, inakoroma, kisha inatulia. Shata haifyatuki. Unabonyeza kwa nguvu zaidi, bado kimya. Wapima pamba wameshaacha mizani, wanakutazama wewe.

Kamera haijafa. Imekataa kupiga kwa sababu haijapata kitu cha kushika. Isogeze kidogo pembeni, hadi yale mabano mawili unayoyaona katikati ya jicho la kamera yaangukie ukingo wa gunia lililosimama ubavuni mwa lundo, umbali uleule. Bonyeza kitufe nusu. Utasikia mota ikivuta mara moja na kutulia, na nukta ya kijani itawaka. Usiachie kidole. Rudisha kamera kwenye lundo, kisha malizia kubonyeza. Picha imepatikana.

Niliwahi kupeleka kamera nzima kwa fundi kwa kosa hilihili, nikalipa nauli ya bure. Ndiyo maana nakuandikia.

Naizungumzia Nikon F4, iliyotoka mwaka 1988. Miaka mitatu kabla yake, 1985, Minolta 7000 ilikuwa imeonyesha kwamba mota ya fokasi inaweza kukaa ndani ya mwili wa kamera na kweli ikafaa kazini. F4 ikaleta uwezo huo kwenye chombo cha waandishi wa habari, kizito na kigumu: ile inayoitwa F4s ina uzito wa gramu 1,280 bila lenzi. Ukiwa na Canon EOS-1 ya 1989, au Nikon F5 ya 1996, mengi ya hapa yatakufaa pia, na pale zinapotofautiana nitakuambia. Kamera hizi bado zinauzwa mkono wa pili, bado zinapiga, na mkanda wa picha 36 haukusamehe kama simu inavyokusamehe.

Kamera inaona nini

Inua kidole mbele ya pua. Fumba jicho moja, kisha fumbua na ufumbe la pili. Kidole kinaruka. Kisogeze mbali, mruko utapungua. Otofokasi ya F4 inatumia ujanja huohuo. Kioo kikubwa kilicho nyuma ya lenzi hupitisha sehemu ya mwanga katikati yake, na kioo kidogo kilichojificha nyuma yake huuelekeza mwanga huo sakafuni mwa kamera, kwenye kihisi. Huko mwanga huwa picha mbili, moja kutoka upande mmoja wa lenzi, nyingine kutoka upande wa pili. Picha hizo zikikaa mahali panapotakiwa, fokasi ipo. Zikipishana, kamera hupima zimepishana kiasi gani na kuelekea wapi, halafu huiamuru mota.

Sasa fikiria lundo la pamba safi. Picha zote mbili ni nyeupe. Utalinganisha nyeupe na nyeupe kwa alama gani? Kihisi hakijui pamba, hakijui treni, hakijui uso wa bibi yako. Kinajua tu mahali ambapo giza linakutana na mwanga. Ndiyo maana pamba fifi, ile yenye madoa ambayo mkulima hulipwa pungufu, kamera huishika upesi kuliko pamba safi.

Lipo jambo la pili, na hili ndilo wengi hawaambiwi. Kihisi cha F4 ni kimoja, kipo katikati, nacho ni mstari mmoja uliolala. Mstari uliolala huhisi tofauti ya kushoto na kulia, kwa hiyo huona vizuri kingo zilizosimama: bua la mtama, fremu ya mlango, nguzo ya umeme, mshono wa gunia, maua ya kanga. Kingo zilizolala hukipita kama hakioni kitu. Elekeza mabano kwenye mstari wa rangi uliochorwa ubavuni mwa behewa, mstari mkali kabisa, mweusi juu ya mweupe, na kamera itatapatapa vilevile kama mbele ya pamba.

Dawa yake ni kugeuza mkono. Simamisha kamera wima, au ilaze mshazari tu, bonyeza nusu, fokasi ikishika irudishe ulivyotaka na upige. Fanya zoezi hili stesheni, treni ikiwa imesimama, mara ishirini bila filamu. EOS-1 ya Canon ilikuja na kihisi cha msalaba kinachoona kingo za pande zote mbili, na F5 ina maeneo matano ya fokasi. Wenye hizo watahangaika kidogo, ila mbele ya pamba tupu na wao watakwama.

Ndani ya jicho la kamera kuna lugha ndogo ya taa. Nukta ya kijani inasema tayari. Mishale myekundu inasema fokasi iko mbele au nyuma ya kitu. Alama ya X nyekundu inasema sijaona chochote, nipe kingine. Ukiiona X usiendelee kubonyeza. Tafuta ukingo.

Kabla hujaweka filamu

Anza na betri. F4 inakula betri za kawaida za AA, nne au sita kufuatana na mkono wa betri uliofungwa chini yake, na mota ya fokasi inakula kutoka sahani moja na mota ya kuvuta filamu. Betri hafifu haitakuzimia ghafla. Kwanza fokasi itakuwa nzito, itatafuta kwa uvivu, na wewe utailaumu lenzi. Za dukani zinatofautiana mno. Nunua za alkali, na uzitoe kamera ikikaa wiki bila kazi. Ukikuta unga wa kijani au mweupe kwenye vishikizo, betri ya mwenye kamera wa zamani ilivuja. Chovya kijiti chenye pamba kwenye siki au maji ya ndimu, safisha taratibu, kausha kabisa.

Toa lenzi. Kwenye ukingo wa mlango wa lenzi utaona kincha kidogo cha chuma, mfano wa ncha ya bisibisi. Hicho ndicho kinachoizungusha lenzi, kwa kuwa lenzi nyingi za AF na AF-D za wakati huo hazina mota yake. Pembeni, chini mbele ya kamera, kuna swichi yenye herufi M, S na C. Ukiiweka M, kincha hurudi ndani. Hapa naomba unisikilize sana: usizungushe pete ya fokasi kwa mkono swichi ikiwa kwenye S au C. Meno ya ndani yameshikana na mota, na ukilazimisha utayala. Kupata vipuri vya kamera hii ni safari ndefu.

Lenzi nazo zina masharti. Otofokasi ya F4 inahitaji lenzi ambayo tundu lake likiwa wazi kabisa linafika f/5.6 au zaidi ya hapo kwa uwazi. Lenzi za G, zisizo na pete ya tundu, zitafokasi lakini zitakubana kwenye programu za P na S za mwanga. Lenzi mpya za AF-P hazitafokasi kabisa. Mwenye lenzi ya milimita 50 f/1.8 ya AF ana karibu kila anachohitaji kuanzia. Na kama unapenda kichujio cha kukata mng'ao wa maji, tafuta cha mviringo, kwani vile vya zamani vya mstari huvuruga mwanga unaopita kwenye kioo kikubwa na kihisi hudanganyika.

Sasa jaribio ambalo litakuokolea mikanda. Bandika gazeti ukutani. Weka kamera juu ya meza, ielekee gazeti umbali wa mita mbili, isitikisike. Acha tundu la lenzi wazi kabisa. Fokasi kwa S kwenye nguzo ya herufi nene, kisha hamishia swichi kwenye M ili lenzi isisogee tena. Fungua mgongo wa kamera. Kata karatasi ya mafundi ramani, ile inayopitisha mwanga, uilaze juu ya reli mbili za ndani ambazo filamu hupita juu yake, ukijihadhari kidole kisiguse mapazia ya shata. Weka shata kwenye B, bonyeza na ushikilie. Gazeti litaonekana kwenye karatasi, kichwa chini. Litazame kwa kioo cha kukuzia. Herufi zikiwa kali, kamera inasema kweli. Zikiwa na ukungu na mfano huo ukajirudia mara tatu, kihisi na filamu havikubaliani, na hapo ndipo fundi anahitajika.

Kama namba ndani ya jicho la kamera zimefunikwa na weusi kama wino uliomwagika, ni ugonjwa wa uzee wa F4. Hauhusiani na fokasi.

Ghalani S, ngomani C

S hufokasi mara moja na kujifunga. Tena haitaruhusu shata hadi nukta ya kijani iwake, ndiyo maana kule ghalani kitufe kilikataa. Ni hali ya vitu vilivyotulia: mizani, marobota, mzee aliyekaa, duka. Nakushauri uishi humo miezi miwili ya kwanza, maana ile hatua ya kushika ukingo, kufunga na kurudisha ndiyo msingi wa yote.

C haifungi. Inafuata kitu kinachosogea muda wote kidole kikiwa nusu, na ukimalizia kubonyeza itapiga hata kama fokasi haijafika. Hii ndiyo hali iliyoharibu mikanda ya watu wengi, kwa kuwa kila picha inafyatuka na kila mmoja anaamini imetoka.

Mahali pa kuijaribu ni ngoma. Mavuno yakiisha, Wasukuma hucheza, na ushindani wa vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu umekuwa ukivuta umati kwa vizazi. Kwenye bugobogobo wachezaji hushika majembe, huyarusha, huyadaka, miguu inapiga chini kwa pamoja na vumbi linapanda. Usijaribu kufokasi jembe. Liko hewani kwa muda mfupi kuliko mota inavyohitaji. Chagua mchezaji mmoja, weka mabano kifuani, pale shanga au mkanda unapokutana na nguo, na umfuate yeye tu. Jembe liko usawa wake, litatoka kali pamoja naye ukifunga tundu hadi f/5.6 au f/8. Weka shata sekunde 1/500 na kuendelea. Kwa filamu ya ISO 400 saa kumi alasiri, mwanga utakutosha.

Tatizo kubwa la F4 ngomani ni mkono wa mtu mwingine. Mchezaji wa mbele akikatiza mabano, kamera inamrukia yeye, na hadi irudi kwa mtu wako ngoma imeshageuka. F5 na ndugu zake hungoja kidogo kabla ya kurukia kitu kipya. F4 haingoji. Kwa hiyo zoesha kidole kitufe cha AF-L, kile kilicho mbele karibu na lenzi upande wa mkono wa kulia. Ukiona mtu anakuja kukatiza, kibonyeze, fokasi inaganda. Akipita, kiachie. Kitakuchosha siku ya kwanza. Ukishakizoea, hutaweza kufanya kazi bila hicho.

Vumbi likiwa zito, jua likiwa mbele yako, kila kitu huwa rangi moja ya kahawia na kihisi hupotea. Zunguka upande wa pili, jua liwe mgongoni au begani. Kuhama hatua thelathini kunaleta mengi kuliko lenzi ghali.

Treni na herufi M

Reli ya kati ilifika Mwanza mwaka 1928, kwa tawi linalotoka Tabora, na Malampaka ni mtoto wa reli hiyo. Mpiga picha wa hapa asiyetaka kupiga treni bado sijamwona. Kabla ya yote, mwone stesheni masta, jitambulishe, eleza unachofanya, na ukae nje ya njia.

Treni inayokujia kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa inatembea mita 10 kila sekunde. Ukibonyeza, kioo kinapanda kwanza, ndipo shata inafunguka. Muda huo ukiwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, treni imeshasogea mita nzima. Ikiwa mbali mita thelathini na unatumia lenzi ya milimita 180 kwa f/2.8, ukali unaenea mita nne na nusu hivi kwa jumla, kwa hiyo mita moja haikuui. Ikifika mita kumi kutoka kwako, ukali umebaki nusu mita. Picha zile ambazo taa ya kichwa ni ukungu na behewa la pili ni kali zinatoka hapo.

Usishindane nayo. Chagua taruma moja, au nguzo iliyo kando ya reli, mahali unapotaka uso wa kichwa cha treni uwe. Fokasi hapo kwa S. Hamia M. Sasa lenzi haitasogea. Funga tundu hadi f/8, subiri, na ubonyeze kitambo kidogo kabla treni haijafika kwenye alama yako, kama mdakaji anavyoruka kabla mpira haujafika golini. Wapiga picha wa zamani wote walifanya hivi kwa sababu hawakuwa na kingine. Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix pale Dar es Salaam mwaka 1963, alijenga miongo miwili ya kwanza ya kazi yake kabla otofokasi haijafika mikononi mwa wanahabari. M siyo kushindwa. Mimi theluthi ya picha zangu nzuri zimetoka huko.

Saa saba mchana acha reli ipumzike. Juu ya chuma na kokoto hewa inacheza, mazigazi yanayeyusha kila kilicho mbali, na hakuna otofokasi wala jicho litakalopata ukali usiokuwepo. Rudi saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni.

Nyuso

Hapa ndipo kamera hii inapolipa. Lakini kwanza salamu. Usimnyooshee mtu mzima lenzi kabla hujasema mwangaluka asubuhi, ukaulizwa habari za kwenu na ukajibu. Uso uliosalimiwa hukaa tofauti.

Jicho la mtu lina kope, nyusi na mstari wa chini, na yote hayo yamelala. Kumbuka kihisi cha F4 kinataka kingo zilizosimama. Ukishika kamera kwa ulalo, mabano juu ya jicho yatahangaika. Ukiisimamisha wima, kihisi nacho kinasimama, na kope linakuwa ukingo mzuri kabisa. Kwa bahati, uso unapendeza zaidi wima. Kwa mwenye ngozi nyeusi ndani ya nyumba yenye dirisha moja, mweke dirisha liwe ubavuni mwake, upande mmoja wa uso upate mwanga. Mpaka wa mwanga na kivuli kwenye pua utakuwa ukingo wa pili wa kushika, kamera ikiwa imelala.

Halafu angalia umbali. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8, mtu akiwa mita moja, ukali una unene wa sentimita nne tu kwa jumla. Ukifokasi jicho kisha ukazungusha kamera nyuzi 15 ili kupanga picha, fokasi inakuwa imerudi nyuma ya jicho sentimita tatu na zaidi. Jicho limeshatoka nje ya ukali, na hujafanya kosa lolote unaloliona. Funga tundu hadi f/4 na unene huo utakuwa kama sentimita kumi. Au panga picha jicho likiwa karibu na katikati, utakata pembeni wakati wa kuchapa.

Usiku, ukumbini, F4 huona hadi mwanga hafifu sana, lakini lenzi ya f/1.8 itakusaidia kuliko ya f/4 kwa sababu wewe mwenyewe utaona vizuri zaidi. Flashi ya SB-24 ina taa nyekundu inayomulika ili kamera ipate cha kushika. Inafanya kazi kwenye S, si kwenye C.

Soma filamu yako

Kwenye mkanda wa kwanza, andika kila picha daftarini: namba, S au C au M, mabano yalikuwa juu ya nini, umbali kwa kukadiria, tundu. Ukipiga lundo la pamba, andika pia kama uliongeza mwanga kwa kidude cha kurekebisha, maana kipimo cha kamera hutaka kuifanya nyeupe iwe kijivu. Ongeza hatua moja au moja na nusu.

Filamu ikishasafishwa na kukauka, iweke dirishani na uitazame picha moja moja kwa kioo cha kukuzia. Usitafute kama imetoka ukungu, tafuta ukali umekwenda wapi. Karibu kila picha ina mahali palipo pakali. Kama ni nyasi za mbele ya reli, uliwahi, au mabano yaliteleza chini. Kama ni ukuta nyuma ya mchezaji, mtu alitoka kwenye mabano na kamera ikachukua alichokiacha. Kama ni sikio na siyo jicho, ulizungusha kamera baada ya kufokasi. Kama hakuna palipo pakali hata kidogo, na kila mstari umevutwa upande mmoja, hiyo si fokasi, ni mkono uliotikisika. Ongeza mwendo wa shata. Andika jibu kando ya kila namba, kwa wino wa rangi nyingine, kisha uingize mkanda wa pili na uende nao ghalani.